Kanzu ya Baiskeli

Baba Nasra,

Shuleni walitufundisha barua inaanza kwa kumjulia mtu hali. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza, wewe nitakujuliaje hali? Basi nianze na ya kwetu. Mimi na Nasra tuzima. Ameanza chekechea, ndiyo maana asubuhi hii niko peke yangu hapa uani na daftari lake. Kumetulia. Zamani nilikuwa naomba utulivu kwenye nyumba hii yenye wapangaji chungu nzima. Sasa nimeupata, siutaki.

Eda imekwisha. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na kila alfajiri niliamka saa zako zilezile kama vile bado yupo mtu wa kumchemshia chai. Siku nyingine nilichemsha kabisa. Nikainywa mwenyewe bila sukari, maana mtu wa sukari ulikuwa wewe.

Lakini nimekuandikia kwa jambo moja, na nikizungukazunguka nitashindwa kulisema.

Unaikumbuka ile kanzu. Vuli ilikuwa imeanza, mikate inafika Kariakoo imelowa, wenye maduka wanaikataa, unarudi nayo umenuna. Nikanunua turubai la bluu iliyokolea, nikatoa cherehani hapa uani, nikalishonea sanduku lako la mikate, lile la nyuma ya baiskeli, nguo ya kulifunika lote, kutoka juu mpaka karibu na tairi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Jamani njooni muone, baiskeli yangu imevaa kanzu!" Wenzako wa bekari wakaona wivu. Nikamshonea na mdogo wako Bakari, na wengine watatu. Nikajiona fundi kweli.

Siku ya pili yake ukaniambia, "Mama Nasra, kanzu hii ndefu, ipunguze kidogo." Nikakujibu iache, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Nilikuwa nimechoka, mtoto analia, sindano imeshavunjika mara mbili. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Ukaiacha.

Wiki haikuisha. Kirikuu iliyokuwa inawahi kupakia mzigo ikakupita Barabara ya Uhuru alfajiri, kwenye mvua, karibu mno, ubavu wake ukagonga sanduku. Dereva hakukimbia. Alikubeba yeye mwenyewe mpaka hospitali, na saa nne asubuhi ukaondoka. Kule polisi dereva akasema hakukuona mpaka alipokufikia. "Niliona kiza tu." Sote tukasema mwongo huyo, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Maana ni wewe, Baba Nasra! Wewe uliyekuwa unasimama kwenye taa nyekundu peke yako, wenzako wanapita wanakuzomea, "We vipi, baiskeli ina leseni?" Nawe unawajibu, "Taa haiulizi mtu ana magurudumu mangapi." Ulikuwa unasema barabara ni sinia la pilau, kila mtu ale upande wake. Mwenye mkono mkubwa asimmalizie mwenye mkono mdogo, na mwenye mkono mdogo naye asichomeke kwenye tonge la mwenzie. Mtu kama huyo asionekane?

Nikiwa eda, polisi wakairudisha baiskeli. Bakari akaiegemeza ukutani karibu na magunia ya mkaa, na kanzu yake juu. Nasra akaigeuza kibanda chake. Siku moja akaniita kutoka humo ndani, "Mama, huku kuna jicho jekundu."

Nikainama nikafunua. Ilikuwa ile rifleta yako ya nyuma, inayowaka ikipigwa na taa za gari, ile uliyokuwa unaifuta kwa kanga zangu mpaka tunagombana. Nzima. Haina hata ufa. Nilikuwa nimeifunika mimi, kwa mkono wangu, kwa mshono wa mara mbili ili usifumuke.

Nilikaa palepale chini. Nasra akadhani tunacheza, akanikalia mapajani.

Nikamwambia Bakari. Akatazama pembeni, halafu akasema, "Shemeji, nyamaza. Marehemu hana wa kumsemea ila sisi. Ukilisema hilo umemtetea aliyemuua." Nikanyamaza. Kisha akaja mama yake yule dereva, na wanawake wawili wa kanisani kwao. Mtu wa Masasi, kama nyinyi. Hakuomba msamaha, alinipa pole, akaosha vyombo vyangu vyote, ndipo akakaa. "Mwanangu tunamkataza asiseme hakumwona," akaniambia. "Tunamwambia, utaonekana huna adabu kwa wafiwa. Lakini neno lake ni hilo hilo, mama. Hakumwona." Nilimpa chai. Baiskeli ilikuwa nyuma ya mgongo wake, ukutani, na kanzu yake. Sikusema. Nikajiambia niko eda, siwezi kwenda polisi. Eda nikaifanya mlango wa kujifichia, Mungu anisamehe.

Na wewe nilikukasirikia. Nikwambie ukweli. Ulijua ni ndefu. Ungeikunja. Ungechukua mkasi ukaikata mwenyewe. Wewe mjuzi wa barabara nzima, ulishindwaje kutazama nyuma ya baiskeli yako? Nikikukasirikia sana nalia, nikilia nakumbuka ulivyoiacha kwa sababu ulijua nimechoka.

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza haikuwa kaburini kwako. Nilikunja kanzu nikaitia kwenye mfuko nikaenda polisi. Nilimkuta afande wa trafiki, mama mtu mzima, nikampa shikamoo yake nikamwaga yote. Nilidhani atanifokea. Aliandika polepole, akanisomea nilichosema, kisha akasema, "Mwanangu, kosa la huyu halifuti kosa la yule. Dereva alitakiwa apunguze mwendo na amwachie nafasi. Baiskeli nayo ilitakiwa ionekane. Kesi itaendelea. Lakini ataulizwa kwa alilolifanya, haitwi tena mwongo kwa alilosema kweli." Nikatoka pale. Nilisimama pembeni mwa barabara pale Msimbazi muda mrefu bila kuvuka.

Bakari alipojua aliniambia neno moja, "Umemuuza kaka." Baada ya hapo kimya. Ijumaa akimletea Nasra mkate anakaa kizingitini amenipa mgongo. Dada zako nao simu hawapigi. Nilidhani upweke ni kitanda kuwa kikubwa. Kumbe ni kupita watu wako mwenyewe na maongezi yakakatika.

Zile kanzu tatu za wenzako nilizifuata moja moja mpaka bekari. Nikazikata, nikashonea utepe mwekundu unaong'aa nyuma. Walinitania sana, "Shemeji katuvua kanzu, katuachia shati!" lakini walizitoa. Ya Bakari tu ndiyo ilibaki. Kila nikiigusia anaondoka. Na masika yameanza, Baba Nasra. Kila alfajiri nilikuwa nasikia mvua kwenye bati, nasikia kengele yake akipita, nami nimelala macho nahesabu dakika za kufika Uhuru.

Ijumaa iliyopita alikuja baada ya swala, akaiegemeza baiskeli yake uani, akakaa na Nasra. Sikuomba. Nilichukua mkasi nikaanza kukata. Nikasikia maongezi yamekoma. Akaja akasimama nyuma yangu. Nikaendelea kukata, nikisubiri anipokonye. Akaangalia weee.

"Shemeji," akasema, "umekata kombo."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Akachuchumaa, akashika ule upande wa pili akaunyoosha, nikakata upya nikifuata mkono wake. Alikuwa analia bila sauti, kama ulivyokuwa unalia wewe. Nasra akaingia chini ya sanduku kuhakikisha jicho lipo.

Jumamosi alfajiri nilitoka mpaka barabarani nimejifunika kanga. Mvua inanyesha. Bakari akapita, akapiga kengele. Nyuma yake likaja gari, taa zake zikalipiga lile jicho, likawaka jekundu. Gari likapunguza mwendo. Likasogea kulia, likampita mbali, likaenda zake. Yule dereva sijui ni nani na hatajua mimi ni nani. Nilimwambia asante kwa sauti, mpaka mama wa chumba cha mbele akafungua dirisha kuuliza naongea na nani.

Kesi bado. Mama yake dereva alinisalimia sokoni, tukashikana mikono, kila mmoja akaenda na kapu lake. Nasra nikivuka naye barabara ananiambia nitazame kulia kwanza. Ni wewe kabisa.

Kanzu yako iko kwa afande mpaka kesi iishe. Wakinirudishia, nitatoa cherehani hapa hapa uani, na nitaipunguza kama ulivyoniambia. Nimechelewa, mume wangu, lakini nitaipunguza.

Pumzika sasa. Chai ya leo nimeitia sukari.

Mama Nasra wako