Mahali pa Kulilia

Jumanne, 9 Septemba

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: naamini Dau amekufa.

Nimeliandika. Katika nyumba hii neno hilo haliruhusiwi. Dau, binamu yangu, alikuwa utingo wa lori. Mwezi wa tatu lori lilipatikana limeungua kwenye barabara ya kutoka Juba kwenda Bor. Dereva hayupo. Dau hayupo. Hata kiatu hakuna! Babake, Baba Mkubwa Makur, alitukusanya sote akasema hakuna kulia. Mpaka aje mtu aliyeona kwa macho yake. Anayemlilia mtu kabla ya habari ndiye anayemuua.

Basi kila jioni Mama Dau humtengea ugali, anaufunika kwa sahani. Asubuhi watoto wanaula.

Hakuna hata pa kufikiria. Tangu ndugu wa mamangu walipokimbilia kwetu, mtaa wa Gudele, tunalala tumepangwa kama kuni. Leo nilisoma chooni mpaka wakagonga mlango.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwuliza Lokosang! Anakaa dawati la mbele yangu, na ukoo wa nyanyake ni wa chini ya mlima wa Jebel. Nilimwuliza kama kuna mahali popote Juba pasipo na watu. Alidhani natania. Halafu akasema huko juu, nyuma ya mgongo wa Jebel, kuna ziwa dogo ndani ya mwamba. Mvua ndiyo hulijaza. Watu hawaendi, kwa sababu ya utelezi na nyoka, na wazee wao hawapendi watu wapachezee.

Nikamwambia nataka kwenda na kitabu.

"Kitabu? Nyoka watakuomba uwasomee."

Lakini njia alinieleza vizuri.

Jioni nilimwambia mama kwamba Jumamosi nitakwenda kusoma kwa rafiki. Mama Dau alisikia. Akanifuata kwenye kamba ya nguo.

"Unadanganya vibaya, Lilly. Rafiki gani? Wewe una rafiki?"

Nikamweleza ukweli. Aliendelea kukamua shati la Baba Mkubwa, maji yakaisha, akazidi kulikamua.

"Huko juu mtu akipiga kelele, anasikika?"

Nikasema Lokosang anasema hakuna wa kukusikia.

"Basi nitakusindikiza."

Jumamosi, 13 Septemba

Lazima niandike yote kabla hawajazima taa.

Boda ilituacha pale wanawake wanapopasua mawe. Moshi wa matairi kila mahali — wanachoma mwamba mpaka upasuke, kisha wanakaa chini ya vipande vya turubai wakiugonga uwe kokoto. Mama Dau alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Wakamwona.

"Mama, wewe naenda wapi na viatu ya Jumapili?"

"Kuoga," alijibu. Wakacheka sana. Mmoja mnene, uso mweupe kwa vumbi, akasema basi arudi na sabuni yao pia.

Tulipanda polepole. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko mimi, mawe yana utelezi. Mama Dau alipumzika mara nyingi, mkono gotini. Nilidhani amechoka tu.

Ziwa ni dogo. Naona aibu kusema nilitarajia kitu kikubwa. Maji meusi, mwamba umelizunguka pande tatu kama bakuli lililovunjika upande mmoja. Hapo kwenye pengo unaona mabati ya Gudele, na ndege ikishuka uwanjani bila sauti. Hakuna mtu. Kimya nilichokitamani mwaka mzima — na nilipokipata, kiliniogopesha. Nyundo tu, kwa mbali kule chini. Tik. Tik.

Mama Dau akakaa ukingoni, akaingiza miguu majini.

"Wewe soma. Usinitazame."

Nikafungua kitabu. Akaanza.

Sauti ile siwezi kuiandika. Ilianza chini, kama mtu anayejaribu kuinua gunia, kisha ikainuka. Alimwita mwanawe kwa jina. Alimwuliza amelala wapi, nani alimfunika. Mwamba uliichukua sauti ukaitupa nje, kupitia lile pengo. Niliusoma mstari mmoja tena na tena.

Baadaye niligundua kwamba nyundo zimenyamaza. Zote.

Mjinga mimi! Kama sisi tuliwasikia, wao je? Na watu wa hapa wakisikia kilio cha namna ile hawaulizi ni cha nani. Wanakwenda.

Wakaja. Walipanda na watoto mgongoni, mmoja bado ana nyundo mkononi. Walikaa wakamzunguka, wakalia pamoja naye, kila mmoja kwa lugha yake. Nadhani kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia. Ziwa la upweke! Likajaa watu.

Yule mnene akamshika bega. "Malesh, dada. Pole. Wewe mama ya nani?"

"Mama Dau."

"Na nani iko mekufa?"

Mama Dau akayatazama maji. Kisha akanitazama mimi, na wote wakanitazama. Mimi, ambaye darasani mwalimu akiita jina langu siitiki mpaka aite tena! Ningeweza kusema hakuna aliyekufa, Mama Dau ni mgonjwa tu.

"Dau," nikasema. "Mwanawe wa kwanza."

Mama Dau hakukanusha. Aliinamisha kichwa kwenye mapaja ya yule mnene, akalia bila sauti.

Wakati wa kushuka yule mama aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwelekeza, hata rangi ya geti nikamtajia. Sikufikiria. Njiani Mama Dau alisema, "Nyumbani usiseme." Nikaitikia.

Jumapili, 14 Septemba

Wamekuja.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Wameoga, sikuwatambua mara moja. Wameleta sukari, majani ya chai, mzigo wa kuni. Baba Mkubwa aliwakaribisha kwa adabu, akauliza wana shida gani.

"Tumekuja kwa msiba."

"Msiba gani? Hapa hakuna msiba, mama. Labda ni kwa jirani."

Yule mnene akaangaza macho uani mpaka akanipata nyuma ya mlango. "Binti ile ndiyo ilituambia."

Baba Mkubwa akageuka. Nilidhani atafoka. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Lilly. Uliwaambia amekufa nani?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba. Alitaka nitaje jina jingine, jina lolote. Mama Dau alitoka jikoni, akasimama akijipangusa mikono, akijipangusa tu.

Niliingia ndani, nikachukua mkeka tunaolalia mimi na wadogo zangu, nikautandika uani. Yule mama akaweka sukari chini, akakaa. Wenzake wakakaa. Mama Dau akakaa kati yao.

Nikaja jikoni kuchemsha maji ya chai. Naandika nikiyangoja. Baba Mkubwa bado amesimama.