Torkel, Gnola Imekwama Tena

Mwaka umetimia, Torkel, tangu moyo wako usimame ukiwa juu ya baiskeli, wiki ileile ambayo Gnola ilikuwa izinduliwe. Bado tunakulilia. Bado tumekukasirikia pia, na mimi dada yako Solveig, niliyepewa kalamu na familia, sitaficha.

Ulikuwa mtu mwema, na mbishi kupindukia. Kwaya yako ya Jumanne ilijaa watu waliofukuzwa kwaya zote za mji wetu wa Norrköping. Mzee akipotewa na sauti katikati ya wimbo, wenzake wakaanza kucheka, ulikuwa ukiinua kidole: "Mwacheni, atafika." Wengine hawakufika kamwe. Uliwapikia kahawa vilevile.

Ndipo ukaja na Gnola, programu ya simu. Mtu anaimba mdomo kaufumba, nayo inamtungia muziki mzima, piano, ngoma na kila kitu. Mkeo Ylva aliacha kazi kwa ajili yake. Mume wangu Håkan, aliyeiunda, naye akaacha yake. Na wewe kila tarehe ya uzinduzi ikikaribia unasema, "Bado kidogo."

Kwetu tarehe haipangwi kwa amri wala kwa kura. Tunakaa na kahawa na maandazi ya mdalasini mpaka kila mtu akubali, hata mama. Sote tulikubali, tena na tena. Wewe ndiye ulikuwa ukirudisha kikombe mezani na kusema Gnola inanyoosha sauti za watu, inawapandisha kwenye noti wasizozifikia.

"Inawasaidia!" Håkan alikuwa akifoka. "Nisiponyoosha, piano inagongana na sauti."

"Basi piano ndiyo ifuate."

"Piano haifuati mtu, shemeji! Ndiyo maana ni piano!"

Mama alikwambia ngojangoja huumiza matumbo. Ukacheka, ukachukua andazi la mwisho. Tulichoka na wewe, Torkel. Tulichoka sana.

Mwishowe ukakubali, shingo upande. Tukaagiza keki ya kijani iliyoandikwa "Hatimaye!" Ikaletwa nyumbani siku ileile jeneza lako lilipopelekwa kanisani. Mama alilikwangua lile neno kwa kisu, tukaila baada ya mazishi, maana keki haitupwi. Hakuna aliyesikia utamu wake.

Mwaka huu tulikaa tena mezani, tukakubaliana: Gnola izinduliwe Ijumaa iliyopita, kabla ya Jumamosi ya kuwakumbuka wafu kwa kuwasha mishumaa makaburini. Tena mtu akiifungua, sauti ya kwanza kuisikia iwe yako. Ylva alikuwa amekurekodi ukiosha vyombo, ukiimba mdomo umefumba, maji yakimwagika. Håkan akaiingiza. Keki ilikuwa mezani, safari hii haina maneno. Tukambonyezesha mama.

Ilikuwa nzuri. Piano safi, sauti imenyooka kama rula. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni nani?"

"Ni Torkel, mama," Ylva akasema.

"Torkel gani? Mwanangu hajawahi kuifikia noti ile maishani mwake."

Ylva akaanza kulia. Håkan akabonyeza tena, akasikiliza, akabonyeza tena. Mimi nilitaka kumpigia mtu kelele, na mtu mwenyewe ni wewe. Kwa nini hukutuonyesha hivi ukiwa hai? Kila mara ulikuwa unasema "sikilizeni" tu, na sisi tulikuwa tukisikiliza kalenda.

Håkan akafunga kompyuta. "Siwezi kuizindua hii," akasema. Akatutazama mmoja mmoja. Tulikubali wote palepale, hata kahawa haijamiminwa. Haijawahi kutokea katika ukoo huu.

Kwa hiyo uzinduzi umeahirishwa, Torkel, na safari hii si kwa sababu yako. Au ni kwa sababu yako, sijui, nimechoka kubishana na mtu asiyejibu. Usiulize tarehe. Håkan ameanza kazi upya tangu mwanzo. Anaifundisha piano ikusubiri.

Unakumbukwa na mama yako Gunvor, mkeo Ylva, shemeji yako Håkan, mimi dada yako Solveig, na kwaya yote ya Jumanne, ambayo mpaka leo haijafika.

Tutakukumbuka daima, hata pale unapotuudhi.