Hatua Kwenye Mstari wa Darubini

Mwenzangu, sikia ya hapa nyumbani.

Ile darubini ya kaka pale roshani! Wiki nzima inashindwa kuifuata nyota. Kila saa nane usiku mstari wa kompyuta unaoonyesha mtikisiko wake unaruka. Kakaza skrubu, kabadili nyaya, wapi!

Leo saa nane kautazama ule mstari ukiruka, akaniita. "Dada, hizi ni hatua. Kuna mtu anatembea kwenye sakafu hii."

Sakafu hii?! Roshani imeungana na chumba cha marehemu baba tu, na tumekifunga tangu mazishi!

Tukasukuma mlango wa chumba, ukafunguka. Mama! Yule anayetuapia kila asubuhi kuwa kalala fofofo. Anazunguka kitanda kitupu, viatu vya baba miguuni.

"Bila mlio wa viatu hivi silali, wanangu."

Silali, kasema.

Kesho lete wanao wote walale hapa. Nyumba ijae mlio wa miguu.