Baba Alisema "Nitamwita Penalti"

Mtunda, Jumatatu, 14 Julai 2025

Mpendwa Bi Sabra, mshauri wetu wa redioni, shikamoo. Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu Ijumaa iko karibu.

Naitwa Sihaba Muhidini, nasoma kidato cha pili. Jumamosi alasiri mama yangu alijifungua mtoto wa kiume kwenye zahanati yetu, akaniambia, "Sihaba, kimbia ukamwite baba yako aje amwadhinie mwanawe," nami nikakimbia mpaka uwanjani, maana siku hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Mbuzi kati ya timu yetu na Mtawanya, na Baba ndiye katibu wa timu, tena alikuwa amekabidhiwa kamba ya mbuzi wa zawadi kwa kuwa mbuzi huyo alishaingia uwanjani mara mbili na mara ya pili alizuia kona. Nikamwambia, "Baba, mtoto amezaliwa, wa kiume, Mama anakuita uadhini." Akasema, "Alhamdulillahi, dakika tano tu, mwanangu," bila kunitazama, na hapa ndipo kosa langu linapoanza, Bi Sabra, kwa sababu badala ya kumvuta shati nikasimama kuangalia.

Zile dakika tano zikazaa mikwaju ya penalti. Tulikuwa tunaongoza kwa moja, imebaki penalti ya mwisho ya Mtawanya, Baba akainua mkono mmoja, wa pili umeshika kamba, akasema kwa sauti, na ninayanukuu maneno yake kama yalivyo: "Yarabi, kipa wetu akidaka hii, naweka nadhiri, nitamwita Penalti!" Upande wetu wote ukaitikia, "Amiin!" na wa kwanza kuitikia nilikuwa mimi. Kipa akadaka.

Baba alifika zahanati sauti imekauka kwa kushangilia, adhana ikatoka kama mtu anayepuliza moto, na Mama alipouliza jina akaambiwa ni Penalti. Hajasema naye tangu hapo. Yeye anataka Abdulhalim, jina la marehemu baba yake. Timu imetupa yule mbuzi kwa ajili ya akika ya Ijumaa, yuko hapa nje anakula daftari langu la jiografia, na wachezaji wakipita wanauliza, "Penalti hajambo?"

Tulikwenda kwa Maalim Mudathiri wa madrasa, akasema jina hilo halifai, lakini Maalim ni mzaliwa wa Mtawanya, basi Baba akamjibu, "Maalim, hiyo si fatwa, hayo ni machungu ya kufungwa."

Maalim huyohuyo alitufundisha kwamba sala ina nia, ina wakati na ina safu. Nikimtazama Baba, mpira wake una vyote vitatu: siku ya mechi anatia udhu, anafika saa nzima kabla, anasimama palepale kwenye kibendera cha kona. Ijumaa anafika msikitini hotuba ya pili na kukaa mlangoni. Lakini sijaona mtu anayeogopa kuvunja ahadi yake kwa Mungu kama yeye, maana jana nilimkuta amempakata mtoto anamwambia polepole, "Nisamehe, mwanangu, nilishasema." Kumbe hata yeye jina halipendi, na hapo ndipo nilipopata matumaini kidogo. Nikifikiria siku mdogo wangu atakapoanza shule, mwalimu aite "Penalti!" na darasa zima lijibu "Amekosa!" sipati usingizi, kwa sababu amin yangu imo humo.

Nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa, ila kwanza niambie, maana Baba lazima ataniuliza: wewe ni wa timu gani?

Bi Sabra anajibu:

Marahaba, Sihaba. Mimi ni mzaliwa wa Ngorongo, na sisi tulitolewa raundi ya kwanza. Sina upande, kwa hiyo baba yako atulie anisikilize.

Nianze na wewe. Ulitumwa kuita mtu, ukageuka mtazamaji. Mwombe mama yako radhi leo, kabla redio hii haijazimwa. Na wewe Muhidini, mtu mzima na ndevu zako, mtoto anasubiri adhana, wewe umeshika kamba ya mbuzi! Mpira upende, hauna kosa. Lakini kama unajua kufika saa nzima kabla ya kipyenga, huwezi kuniambia hujui kuwahi. Ijumaa hii nataka nisikie umekaa safu ya mbele.

Sasa nadhiri. Sihaba, umefundishwa vizuri, umenukuu neno kwa neno, na jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Baba yako hakusema "mtoto." Alisema "nitamwita." Muulize mwalimu wako wa Kiswahili: mtoto na mbuzi wako ngeli moja, wote huitwa. Sasa "nitamwita" nani? Mtoto alikuwa zahanati. Aliyekuwa mkononi mwake ni mbuzi!

Mimi si sheikh. Kama moyoni alimkusudia mtoto, hilo ni la Maalim Mudathiri kulipima, na Muhidini aanze kwa kumwomba radhi kwa lile neno la machungu. Maalim akikubali, baba yako asimame mbele ya timu amwite yule mbuzi Penalti mara tatu, nadhiri imetimia. Akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili kwa mwenye uwezo, kwa hiyo atafute wa pili, na huyo msimpe jina. Waalikeni watu wa Mtawanya waje wamle Penalti, roho zao zitulie. Mtoto ni Abdulhalim.

Na siku nyingine, mwanangu, isikilize dua mpaka mwisho, ndipo useme amin.