Chokaa, Chumvi na Jabali Uliloahidi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipoosha brashi yako ukaitundika msumarini, ukasema nusu ya ukuta wa sebule iliyobaki utaimaliza kesho. Asubuhi Mama alikuita, hukuitika.

Mtaani walikuita Mzee Mweupe, maana chokaa ilikuwa kwenye nyusi zako, kwenye viatu, hata masikioni. Ulipaka nyumba, madarasa na zahanati, wala hukupaka ukuta bila kuugonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mgeni anayebisha hodi. "Ukuta usipokukaribisha, chokaa haikai," ulisema. Jirani yetu bi kizee, asiye na mtu, ulimpakia nyumba kila mwaka. Akikuuliza akupe nini, ulimjibu, "Nipe maji ya kunywa, na unisifie ukuta."

Mama alikuwa na dai moja tu kwako. Tangu ulipomposa ulimwahidi kumpeleka baharini, kwenye jabali refu la mawe ya chokaa. "Kazi ikipungua," ulisema. Kazi haikupungua. Mama akawa anakutania, "Fundi, hilo jabali litaisha kwa kupakwa kabla sijaliona." Wewe ukacheka mpaka ukakohoa.

Ulipotutoka, mwanao mkubwa, dereva wa lori, alisema watu hawawezi kuja msibani kwa fundi wa chokaa wakakuta kuta zimechakaa. Akachanganya mwenyewe, akapaka nje kote. Masikini, akasahau chumvi, ile konzi uliyokuwa ukiitia ndooni ili chokaa ishike ukutani isihamie kwenye nguo. Kila aliyeegemea alirudi kwake na mgongo mweupe. Shangazi, dada yako, akasema, "Ndugu yangu huyo! Kawaaga wote, mmoja mmoja, mgongoni."

Tulicheka huku tunalia. Mama hakucheka. Alisimama mbele ya ukuta wa sebule, nusu mweupe, nusu kijivu, akasema, "Huu mtu asiuguse. Aliyeuanza anajua mwenyewe atakavyoumaliza."

Hatukuugusa. Maneno yake nayo yakapungua. Akawa anakaa anautazama ukuta kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Tuliogopa, Baba, kumpoteza naye angali hai.

Mwaka ulipotimia, kitinda mimba wako akamwambia, "Mama, twende tukalione."

"Nikalione na nani? Aliyeniahidi hayupo."

"Basi twende ukamsute hukohuko."

Hapo Mama akavaa viatu.

Baba, hukutuambia. Au ulituambia, tukadhani ni fundi anasifia mali yake. Njia ilipinda kwenye miti, mara mbingu ikawa nusu. Nusu nyingine ilikuwa jabali. Limesimama jeupe, limechirizika toka juu hadi chini, kama limepakwa na mtu mwenye brashi pana kuliko mtaa wetu. Ndege waliokuwa kileleni tuliwaona kama chembe za ufuta. Miti imejishikiza kwenye nyufa, mizizi inaning'inia hewani, haianguki. Chini yake mchanga laini kama unga, na maji maangavu hata vivuli vya samaki vinaonekana vikitembea. Dereva wako alivua kofia akaikumbatia kifuani. Hata kukohoa tuliona ni utovu wa adabu.

Mama alikwenda peke yake mpaka chini kabisa, mawimbi yanapolilamba jabali. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Akatega sikio. Wimbi likaja likamlowesha uso, naye akajilamba midomo. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho tulikuwa tumekisahau.

"Njooni mwone," alisema. "Chokaa hii hapa, chumvi hii hapa. Aliyechanganya hapa hakusahau kitu!"

Akaliegemea jabali kwa mgongo mzima, akaitazama bahari. "Kumbe Fundi alikuwa ananileta huku kila siku," akasema polepole. "Kidogo kidogo, ndooni."

Alipoinuka tulimkagua mgongo. Haukuwa na hata doa.

Siku ya pili yake aliishusha brashi yako msumarini. "Nichanganyieni chokaa," alisema. "Chumvi natia mwenyewe."

Ukuta umekwisha, Baba. Kazi yako na yake zimekutana katikati, na ukitazama vizuri mstari unaonekana. Dereva alitaka kuuficha, Mama akamnyang'anya brashi. "Uache," alisema. "Hapo ndipo tuliposhikana mikono."

Unakumbukwa na mkeo, aliyeliona jabali lake, na mwanao dereva, ambaye sasa chumvi hasahau, hata kwenye chai anataka kutia, na kitinda mimba wako, na dada yako mwenye mdomo wake, na wajukuu, na bi kizee jirani, ambaye bado anausifia ukuta.

Tutakukumbuka daima, Baba, kila tutakapoegemea ukuta wako na kuinuka na nguo safi.