Mahindi ya Kijani ya Baba

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Msowero tu wazima, na mjomba wako kapata mtoto wa kike.

Unaniuliza kama ofisi yenu huko Mikumi ibandike hadharani majina ya wakulima waliopewa mbolea ya ruzuku, maana wengine wanasema ni kuwaaibisha watu. Eti kuwaaibisha!

Enzi za Ujamaa, nikiwa msichana, mbolea ya serikali iligawiwa nyumbani kwa mwenyekiti, mlango umefungwa. Mwaka huo mahindi ya baba yangu yalikolea kijani kuliko ya wote, kwa sababu wafugaji walilaza ng'ombe shambani kwetu kiangazi kizima, samadi ikajaa. Watu wakasema kapewa kwa siri. Tulikuwa tukipalilia kwa zamu, shamba baada ya shamba. La kwetu wakaliruka. Baba alijieleza mpaka akachoka.

Msimu uliofuata alikuja bwana shamba mpya. Huyo aligawa uwanjani, akiita kila jina kwa sauti. Alipomaliza, baba akasimama.

"Bwana shamba, naomba utusomee na majina ya mwaka jana."

Yakasomwa kutoka daftari la mwenyekiti. La baba halikuwemo. Watu wakatazama chini. Kesho yake asubuhi tulikuta majirani wamelijaza shamba letu, wanapalilia.

Basi bandikeni, mjukuu wangu. Aliyepata atavumilia jina lake kusomwa. Asiyepata hana pengine pa kujitetea.

Bibi yako