Fumbo la Asubuhi na Vyumba Vyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo fumbo langu la maneno limehamia kwenye simu. Miaka yote nimelichora kwa rula na penseli, likachapwa ukurasa wa nyuma wa gazeti karibu na hali ya hewa, watu wakalijaza wakiwa kwenye foleni. Sasa ni vidole. Mhariri Mkuu anasema gazeti la karatasi linakonda, wasomaji wako kwenye simu, na kinachomrudisha mtu kila asubuhi si habari mbaya, ni mchezo. Anakuja kucheza, anabaki kusoma. Sawa. Tumepewa mwezi huu wa majaribio — fumbo moja kila alfajiri, lile lile kwa wote.

Bwana Takwimu hataki. Ni mkuu wa masoko, hafungui mdomo bila mchoro ukutani. Anasema kuna kampuni ya nje inauza mafumbo tayari, kwa jumla, kama unga. Ya nini kumweka mtu akae tu anafikiri? Kasema hivyo na mimi nimekaa pale pale! Mwezi ukiisha na wasomaji hawarudi, yatanunuliwa ya jumla, na mimi nahamishiwa meza ya matangazo ya vifo.

Sina ugomvi na marehemu. Ila sitaki.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji — mdogo wa mke wangu, muuguzi, tunaishi naye — kalijaza akiwa anakunywa chai. Dokezo la kwanza: "Hulia shuleni bila kuchapwa." Akaandika *kengele*, vyumba vya herufi vikawa kijani, yaani kapatia, akapiga ukelele hadi mke wangu akaacha cherehani akaja kuona kuna nini. Kisha Shemeji akanitazama kwa huruma. Ati, kumbe una akili, sisi tulidhani unakwenda kazini kulala.

Nimemwambia aoshe vyombo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha kanionyesha namba. Yeye ndiye fundi wetu wa mitambo; ana mapacha nyumbani na kompyuta zetu anazifokea kwa sauti ile ile. Wachezaji wachache! Wengi wanafungua, wanajaza neno moja, wanaondoka zao. Nimeishiwa nguvu. Anasema vyumba ni vingi mno na kioo cha simu ni kidogo. Fumbo la gazetini lilikuwa la mtu mwenye jioni nzima, hili ni la mtu anayesubiri maji yachemke. Nimenuna hadi mchana. Halafu nimekubali, maana ni kweli.

Tumekata. Maneno matano tu. Na kila wiki itakuwa na umbo lake moja la vyumba, Jumatatu hadi Jumapili, ili Mama Pacha asichore upya kila siku.

Lakini kuna wazo ambalo ni langu mwenyewe! Neno la tano halitakuwa na dokezo. Jibu lake limejificha ndani ya habari mojawapo ya siku hiyo. Unalitaka? Soma. Mama Pacha akasema mimi ni mzee mjanja.

Mzee!

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kaleta habari kutoka wodini. Wauguzi wanalicheza wakati wa kubadilishana zamu. Muuguzi mkuu anajificha nyuma ya kabati la dawa ili asionekane amekwama.

Namba zinapanda kidogo. Bwana Takwimu kapita mezani kwangu akasema nisifurahi mapema, hata homa hupanda. Nikacheka kwa adabu. Huyu mtu ananichefua.

Jumanne, 11 Machi

Balaa! Siku ya balaa!

Simu ya mapokezi imeanza kulia kabla sijavua koti. Watu wanasema fumbo ni bovu, kila wanachoandika kinageuka chekundu. Nikadhani ni uvivu tu wa kufikiri. Nikajaribu mwenyewe — mimi niliyelitunga! — na vyumba vyote vikawa vyekundu. Neno la kwanza, jekundu. La pili, jekundu. Jasho likanitoka.

Kosa ni langu. Na ni kosa ambalo mtu wa kompyuta asingelifanya hata akiwa usingizini. Gazetini, chini ya fumbo la leo huwekwa majibu ya jana. Ndivyo tulivyofanya siku zote, mkono umeshazoea. Wiki iliyopita tulikuwa tunaingiza majibu pamoja na Mama Pacha, bega kwa bega. Jana nilikuwa na haraka, nikamwachia karatasi mezani: juu fumbo la Jumanne, chini majibu ya Jumatatu. Akaingiza kama yalivyo. Mashine haikushtuka, maana umbo la vyumba ni lile lile wiki nzima. Basi asubuhi yote kila aliyepatia akaambiwa amekosea.

Mwalimu mmoja anasema walimu wenzake wamechelewa darasani wakibishana. Shemeji kapiga kutoka wodini: "Shemeji, umetuangusha! Muuguzi mkuu hataki hata kukusikia." Kisha akapiga mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Huyu hakufoka. Aliuliza kwa upole kama fumbo la leo ni gumu kuliko mengine, maana yeye huwa hashindwi, na leo kajaribu tangu alfajiri. Kasafisha miwani, kajaribu tena. Akadhani ndiyo akili imeanza kumuaga. Alikuwa anaogopa kumwambia mwanawe.

Nikamwambia, "Mzee wangu, ulipatia yote. Aliyekosea ni mimi."

Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, na akaniuliza kama jana nililala vizuri. Nilikwenda msalani kunawa uso. Machozi yalinitoka na sikuona haya.

Majibu yamerekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Bwana Takwimu anatembea kwenye korido na uso wa sikukuu.

Jumatano, 12 Machi

Mhariri Mkuu alitaka tuandike "hitilafu ya kiufundi". Nimekataa. Mama Pacha abebe lawama zangu? Nimeandika juu ya fumbo la leo: *Jana ninyi mlipatia, mtunzi ndiye aliyekosea. Samahani sana. Wote mliocheza mmehesabiwa mmeshinda.* Mhariri Mkuu akalisoma tangazo hilo, akakuna kidevu, akasema haya, lipite.

Kufika mchana, meseji zimejaa! Watu hawajawahi kuniandikia. Nilikuwa sijui hata kama wanajua fumbo linatungwa na mtu. Mmoja anauliza: mtunzi, leo umeamka upande gani? Mwingine anataka nichapwe viboko viwili vya taratibu, kisha nisamehewe.

Mama Pacha kaniita nione. Waliokasirika jana wamerudi karibu wote, na wamekuja na wenzao. "Mtu hapotezi salio lake kulalamikia kitu asichokijali," akasema, akarudi kuifokea kompyuta.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa wasomaji wananitumia madokezo yao. Mengine mabaya kabisa! Lakini nimeomba kila Jumamosi tuweke moja la msomaji, na tumekubaliwa. La kwanza nimelipata kwa yule mzee mpima ardhi: "Majirani huugombea miaka, hakuna aliyewahi kuushika."

Natamani ningelitunga mimi. Nina wivu wa waziwazi.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji amekwama kwenye dokezo la mzee. Chai imepoa, kidole kiko hewani, anatukana chini chini. Mke wangu, bila kuinua kichwa kwenye cherehani, akasema: "Mpaka."

Shemeji akaandika, vyumba vikawa kijani.

Mke wangu! Anayesema hana nafasi ya michezo! Shemeji akamnyang'anya simu. Kumbe hucheza kila asubuhi kabla hatujaamka, na hajakosa hata siku moja. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Ati nikijua nitavimba kichwa, na nyumba hii ni ndogo.

Nimevimba hivyo hivyo.

Jumatano, 26 Machi

Mwandishi wetu wa habari za maji na mabomba kaja mezani kwangu na chai, bila kuombwa. Habari yake ya mabomba yaliyopasuka imesomwa kuliko ya mpira! Nilificha neno la tano ndani yake. Watu waliingia kutafuta neno, wakabaki wakisoma hadi mwisho, wengine wakaandika kulalamikia mabomba ya kwao. Anaomba nimfichie jingine wiki ijayo.

Wiki ijayo. Kikao cha uamuzi ni Ijumaa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapa hapa kazini, maana siwezi kungoja nifike nyumbani. Meza yangu imepakana na mlango wa chumba cha mikutano, na ule ukuta ni wa mbao nyembamba tu, nasikia kila neno. Ndani wako Mhariri Mkuu, mhasibu, wakurugenzi na Bwana Takwimu na michoro yake.

Mama Pacha aliitwa kwanza. Ametoka akasema amewaambia ukweli wote, hata ule wa vyumba vyekundu. Wamemsikiliza. Hajui wanafikiria nini. Amekaa kwenye ngazi, anakula kucha.

Bwana Takwimu amewawekea ukutani fumbo la ile kampuni ya nje. Wamelijaza kimya, kama watu wanaojaza hati ya hospitali. Mtu mmoja amekohoa. Basi.

Sasa wameweka langu la leo.

Kimya tena. Nimejiona kabisa kwenye meza ya vifo.

Halafu mhasibu kataja neno. Mkurugenzi mmoja akasema hapana, haiwezekani, hesabu herufi. Viti vinaburuzwa. Wanabishana! Sasa wanatafuta ni habari ipi iliyoficha neno la tano, mmoja anaisoma kwa sauti, mwingine anamwambia asome polepole. Na sauti iliyo juu kuliko zote ni ya Bwana Takwimu, anang'ang'ania jibu lake. Amekosea kabisa!

Katibu muhtasi katoka. Kanionyesha kwa mkono nisimame, akachukua kiti changu — kiti changu! — akakiingiza ndani. Naandika nimesimama. Mama Pacha ameacha kula kucha. Mlango wameuacha wazi, na namsikia Mhariri Mkuu anasema basi mtunzi aingie atueleze, tumemweka nje vya kutosha, na Bwana Takwimu anamkatiza, anaomba kabisa: "Msimwite kwanza! Msimwite! Ninalo, ninalo mdomoni, nipeni dakika moja tu —"